Fundo Lisilobana

Kamba ilikuwa imelala mapajani mwake, imelowa, na kando yake lundo la mwani limefunikwa kwa kanga kuukuu iliyochovywa maji ya bahari ili jua lisiuguse. Alichukua kishada kimoja cha kujaa kiganja, akakitikisa, akakiinua kwenye mwanga, akakitupa pembeni. Akachukua kingine. Hicho kilimridhisha. Kwa ukucha wa kidole gumba alifumbua msokoto wa kamba, akapenyeza katikati yake ule uzi mwembamba ambao wakulima wa mwani wanauita taitai, akauzungusha kwenye shingo ya kishada, akapiga fundo, akakaza. Halafu akalegeza. Kidogo tu, upana wa punje ya mchele. Akapima shibiri moja kwa mkono, akaanza kingine.

Kishada kimoja hakikumchukua muda wa kuamkia na kuitikiwa. Na muda wote huo alikuwa akizungumza na jirani yake habari za michango ya shule. Macho yalishuka pale tu alipokuwa akichagua mbegu. Kufunga kwenyewe aliviachia vidole.

Hapa ni Mlingotini, kusini ya mji wa Bagamoyo, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kando ya hori tulivu iliyozungukwa na mikoko. Mdogo wangu ameoa hapa, na mama huyu ndiye mkwe wake. Mimi mwenyewe ni mtu wa mlimani. Kwetu ni Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, ambako mashamba yamepanda ngazi kufuata kilima na ukungu hauondoki mpaka saa nne. Nimezaliwa nyumba ya watu wanaofunga vitu. Mama yangu amefunga mafungu ya karoti na ya vitunguu kwa kamba za mgomba tangu sijaanza shule, na najua mtu akifunga vizuri anaonekanaje. Kwa hiyo siku ile chini ya mwembe sikuhitaji kuambiwa kwamba nipo mbele ya fundi. Nilichohitaji kuambiwa ni kwa nini anakaza kisha analegeza.

"Mama," nikamwuliza, "si ungeliacha limekaza moja kwa moja?"

"Mwanangu, huu unakua. Ukimbeba mtoto mgongoni unakaza kanga asidondoke, lakini si unamwachia apumue?"

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi tangu siku ile, kwa sababu karoti ya mama yangu haikui tena baada ya kufungwa. Fundo la mlimani ni la mwisho wa kazi, kazi yake ni kubana tu. Fundo la mwani ni la mwanzo. Linafungwa juu ya kitu laini chenye unene wa penseli, na baada ya majuma sita hivi kitu hichohicho kitakuwa kichaka cha kujaza mikono miwili. Likibana, litakata shingo na kichaka kitakwenda na maji. Likilegea zaidi ya punje ile ya mchele, wimbi la kwanza la kusi litakichomoa. Na halionekani likifanya kazi, liko chini ya maji mchana na usiku, mpaka siku mkulima atakaporudi kuhesabu.

Nilifunga vishada kumi kwenye kamba yangu mwenyewe. Mama aliviangalia, hakusema neno, akaichukua kamba pamoja na zake. Bamvua lililofuata mdogo wangu alinipigia simu: vilivyobaki vilikuwa vitano.

Watu wengi wa bara wakisikia mwani mwekundu hutegemea kuona kitu chenye rangi ya damu. Nilitegemea hivyohivyo. Mkononi ulikuwa wa kahawia, mwingine wa kijani kama bamia, mwingine wa njano iliyochujuka, na yote hiyo ni mwani mwekundu kwa mujibu wa wataalamu. Uwekundu ni wa ukoo. Mimea hii ina rangi ya ndani inayokamata mwanga wa buluu na wa kijani, ule unaofika chini kwenye maji kuliko mwingine, na kiasi cha rangi hiyo hupanda na kushuka kulingana na jua na chakula inachopata. Wakulima wanajua aina mbili kubwa. Spinosamu una matawi yenye vijimiiba vilivyojipanga kama pete, na ukiuvunja hulia kama tango. Kotonii ni mnene, laini, unateleza, na bei yake mara nyingi ni kama mara mbili ya mwenzake. Ndiyo maana kila mkulima anautaka kotonii, na ndiyo maana kila mkulima ana kisa cha kuupoteza.

Jambo lililonishika zaidi ni mbegu. Mwani wa shambani haupandwi kwa mbegu kama tunavyojua mbegu za mahindi. Unakata tawi changa kwenye kichaka kilichokomaa, unalifunga, linakuwa kichaka. Siku ya kuvuna unatenga matawi mazuri ya kurudishia kwenye kamba. Kwa hiyo kila kishada kilichokuwa kwenye lundo lile kilikatwa kwenye kishada kingine, nacho kwenye kingine, bila mnyororo kukatika, mpaka unafika kwenye miche iliyoletwa kutoka Ufilipino. Mtu wa Uluguru haoni ajabu hapo. Migomba yetu ni hivyo, magimbi ya bondeni ni hivyo, hata muhogo. Tofauti ni kwamba mgomba ukiachwa mwaka mzima utakungoja. Mwani ukiukosa kwa msimu mmoja, huna mbegu, unakwenda kuomba kwa jirani. Kule kukitupa pembeni kishada cha kwanza, ambako mimi nilikuona kama jambo dogo, ndiko kulikouweka ukoo huo hai mikononi mwake. Alikuwa ameona ncha nyeupe, ndogo kuliko kichwa cha kiberiti.

Habari ya namna zao hilo lilivyofika kwetu inastahili kusimuliwa, ingawa nitaipita haraka. Watu wa pwani waliokota mwani wa porini kwenye miamba na kuuza nje miaka mingi kabla ya kuwepo shamba lolote, mpaka biashara hiyo ikafifia. Miaka ya 1960 ikiishia, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Hawaii, Maxwell Doty, alianza na wenzake kutafuta namna ya kuulima Ufilipino. Jina la kisayansi la kotonii, Kappaphycus alvarezii, limebeba jina la Mfilipino, Vicente Alvarez. Kwetu aliyeona mapema kwamba bahari yetu inaweza kulimwa ni Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyesomea mwani hukohuko Hawaii na kuanza utafiti wake pwani ya Tanzania miaka ya 1970. Kilimo cha biashara kilishika mizizi mwaka 1989 Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, kikaenea Pemba na pwani ya bara: Tanga, Bagamoyo, Mafia, Kilwa, Lindi, Mtwara. Leo Zanzibar peke yake ina wakulima zaidi ya 20,000, na wengi wao sana ni wanawake.

Ufundi huu, basi, ni mgeni. Una umri mdogo kuliko wangu. Nalisema hili kwa sababu sisi Waluguru tuna kumbukumbu ya ufundi mwingine wa kigeni. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliamrisha watu wachimbe matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko. Kwenye karatasi lilikuwa wazo zuri. Lakini liliamrishwa, lilikula siku za watu, na udongo wa chini uliofukuliwa haukutoa kitu. Mwaka 1955 watu wa Matombo na vijiji vya jirani walilikataa kwa maandamano, na damu ilimwagika. Ajabu ni kwamba Mgeta watu walikuwa wakitengeneza ngazi zao wenyewe kwa jembe, na wanazitengeneza mpaka leo. Ninaposikia watu wakijadili kwa nini mradi fulani umefaulu na mwingine umekufa, huwa nakumbuka hayo. Mwani uliletwa na wataalamu na wafanyabiashara, lakini mambo yanayoufanya uwe ufundi, yaani kulegeza punje ya mchele, kanga iliyochovywa maji, jicho la kuona ncha nyeupe, yamekaa mikononi mwa wanawake wenyewe, na ndio waliofundishana, shangazi kwa mpwa, jirani kwa jirani, wakiwa na miguu ndani ya maji.

Kalenda ya kazi hii ni mwezi. Si wa Januari na Februari, ni mwezi wenyewe ulio juu. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, bamvua huingia: maji hujaa sana na kupwa sana, na pwani yetu siku hizo hupwa kabisa kuanzia kama saa nne asubuhi hadi kuelekea adhuhuri. Hapo ndipo shamba linapofikika kwa miguu. Zinabaki siku chache za kazi, kisha maji mafu yanaingia, na shamba linakwenda zake chini ya bahari kwa wiki nzima. Kwa hiyo mkulima anapata madirisha mawili kwa mwezi, na yote mawili yanafunguka jua likiwa kali kuliko wakati wowote. Ndani ya saa mbili tatu kila siku anatakiwa kukagua, kukaza vigingi vilivyolegea, kutoa uchafu, kuvuna vishada vilivyokomaa na kutandika kamba mpya. Kazi ya kufunga hufanywa nchi kavu, siku moja kabla au asubuhi yake, ndiyo maana chini ya mwembe hapakuwa na aliyeinua kichwa kupokea wageni.

Nilifuatana nao. Walivaa yeboyebo na soksi nzito dhidi ya vitu vyenye miiba, wakajitanda kanga vichwani, wakatembea kwenye maji ya magotini kwa hatua ya kuburuta. Nilipouliza kwa nini hawanyanyui miguu, mmoja akaniambia taa hujifukia mchangani, ukimburuzia mguu anaondoka, ukimkanyaga anakuchoma mkia. Shamba lenyewe ni safu za vigingi vilivyopigwa kwenye mchanga, na kati ya kigingi na kigingi kamba imevutwa, imesimama kidogo juu ya sakafu ya bahari. Urefu ule kutoka mchangani nao ni wa kipimo. Kamba ikiwa chini mno, mchanga unaufunika mwani na wanyama wa chini wanaula. Ikiwa juu mno, maji yakipwa unabaki uchi juani. Mama alishika kamba moja katikati na kuipiga kwa kidole kama mpiga zeze, akasikiliza kwa mkono, akapita. Ya pili aliipiga akasimama, akaifuata mpaka kigingini, akakuta kimeinama.

Kuna samaki anayeitwa tasi ambaye anaupenda mwani huu kama mbuzi anavyopenda majani ya viazi. Tawi lililoliwa na tasi lina alama yake, mikato midogo isiyolingana, wakati tawi lililokatwa na fundo limenyofoka mahali pamoja, na tawi lililokufa kwa ugonjwa limeoza kutoka ncha kuelekea ndani. Nilionyeshwa yote matatu kwenye kamba moja. Kwa jicho langu yalikuwa matawi yaliyokatika. Kwa jicho lake yalikuwa malalamiko matatu tofauti, kila moja na dawa yake: hamisha kamba, funga upya, punguza.

Ugonjwa wenyewe ndio adui mkubwa. Sehemu ya tawi hupauka, inakuwa nyeupe kama kipande cha barafu, inalainika, inakatika. Wataalamu wanasema bakteria huingia pale mmea unapokuwa umechoka, na unachoka kwa joto na kwa maji kupungua chumvi. Kotonii hasa haustahimili. Maji ya kina kifupi yakichemka juani saa za kupwa, yakapita nyuzi 30 na kukaa hapo siku baada ya siku, unaanza kuyeyuka kwenye kamba. Ndivyo mashamba ya kotonii yalivyokufa sehemu nyingi za Unguja na pwani ya bara tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu wakabaki na spinosamu wa bei ndogo, au wakaacha kabisa.

Mvua nayo ina sehemu yake, na hapa ndipo nilipojikuta nahusika. Siku ya kwanza nilipofika, baada ya salamu, mama aliniuliza kama kwetu mvua zimeanza. Nilidhani ni mazungumzo ya kawaida, mtu wa pwani kumwuliza mkulima wa mlimani habari za shamba lake. Nikamjibu kwa furaha kwamba ndiyo, masika yameshika, mito imejaa. Akanyamaza. Baadaye mdogo wangu ndiye aliyenieleza. Masika yakishika, maji matamu huja juu ya maji ya chumvi, ya mvua yenyewe na ya vijito vinavyoingia horini, na mwani wa juu juu unaunguzwa nayo kama vile mboga inavyounguzwa na chumvi. Mto Mgeta niliokuwa nikiuvuka kwenda shule unateremka kuungana na Ruvu. Ruvu unainywesha Dar es Salaam, kisha unaingia baharini kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo, mwekundu kwa udongo wa milima yetu. Mlingotini iko upande wa kusini na ina hori yake, kwa hiyo sisemi kwamba ni tope la Mgeta linaloua kamba zao. Lakini wingu ni lilelile. Kile ambacho mama yangu anakiombea mwezi wa tatu, mama huyu anakihesabia siku za kukitoroka.

Na wanakitoroka kweli. Walipoona kotonii unakufa pembeni, wakulima wa Mlingotini pamoja na watafiti walijaribu kuufuata kwenye maji ya kina. Kamba hazipigiliwi tena kwenye mchanga. Zinafungwa nanga pande zote, na maboya, mara nyingi chupa za plastiki zilizozibwa vizuri, yanazishika karibu na uso wa maji ambapo mkondo unapita na joto halikai. Dakta Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, ambaye ametumia maisha yake ya kazi akiwa na wakulima hawa, amefanya nao majaribio ya kamba za kuelea na ya nyavu zenye umbo la mrija, ambazo mbegu hutiwa ndani badala ya kufungwa kimoja kimoja. Kufika huko kunahitaji mtumbwi na kujua kuogelea, mambo mawili ambayo wanawake wengi wa pwani hawakulelewa nayo. Mama mwenyeji wangu alijifunza kuogelea akiwa tayari na wajukuu. Alilisema hilo bila kujisifu, akiwa anasukutua mdomo kwa maji ya dafu, na mimi nilikosa la kusema.

Nilimwona akiwa kwenye mtumbwi, amelala kifudifudi juu ya ubavu wa chombo, mikono yote miwili majini mpaka begani, anatafuta mafundo kwa kupapasa. Huko hakuna kutazama. Anapitisha kiganja kwenye kamba toka boya hadi boya, na kiganja kinamwambia hiki kimekomaa, hiki kimeliwa, hiki fundo lake limepanda. Palipo na fundo lililopanda anasimama, analirudisha mahali pake kwa vidole viwili, anaendelea. Mtumbwi ukiyumba anautuliza kwa goti.

Sitaimaliza habari ya kukausha kama inavyostahili, lakini mtu asidhani ni kutandaza tu juani. Mwani uliovunwa ni maji matupu. Kilo saba au nane mbichi zinaweza kukupa moja tu kavu. Wanaoujua huuweka juu ya vichanja, si mchangani, wanaugeuza mara kwa mara siku mbili tatu, na wingu likionekana wanakimbilia turubai kama sisi tunavyokimbilia kahawa uwanjani. Tone la mvua likiupata unapauka na kupoteza utomvu. Uliokauka sawasawa haukatiki kama kuni. Unapinda kama mpira, na chumvi inatoka nje ikameta juu yake kama umande. Mama aliuminya, akauachia, akautazama unavyojirudi. "Bado siku moja," akasema. Kesho yake jioni aliuminya tena na kuufunga kwenye viroba.

Halafu unauzwa. Kwa miaka mingi kilo moja ya spinosamu mkavu imemletea mkulima mia chache tu za shilingi, na hilo linaniuma kulisema baada ya kuona nilichokiona. Mnunuzi anaupima kama anavyopima mkaa. Hakuna kipimo cha punje ya mchele kwenye mizani yake. Kule unakokwenda, Ulaya, Marekani na Asia, unachemshwa na kutolewa karajinani, utomvu unaofanya aiskrimu isiwe na vipande vya barafu, dawa ya meno ikae juu ya mswaki, na kakao isitulie chini ya pakiti ya maziwa. Mtu anayesoma haya huenda alipiga mswaki leo kwa kazi ya vidole kama vile. Pamoja na bei hiyo, wanawake hawa wamesomesha na wamejenga, na hela iliyopatikana kwa mikono yao wenyewe imebadilisha ni nani anayeulizwa jambo nyumbani. Siku hizi vikundi vingi, Unguja na huku Bagamoyo, havingoji tena mnunuzi wa viroba peke yake: wanausaga unga wa kutia kwenye uji na juisi, wanatengeneza sabuni, keki, achari. Sabuni moja ya mwani inauzwa kwa bei inayozidi ile ya kilo nzima ya mwani.

Morogoro mjini nilimsimulia haya jamaa yangu anayefanya kazi kwenye maabara. Akacheka, akanionyesha visahani vyake vya kuoteshea bakteria, na ndani yake ule utando mgumu unaong'aa. Ule ni agari, na agari inatokana na mwani mwekundu wa aina nyingine, binamu wa huu. Mwaka 1881 Fanny Hesse, mke na msaidizi wa daktari mmoja wa Ujerumani, aliona mumewe akihangaika na jelatini inayoyeyuka kwa joto, akamshauri ajaribu kile anachogandishia jeli jikoni, jambo alilolipata kwa watu waliowahi kuishi Java. Tangu hapo maabara za dunia nzima, pamoja na zile za Chuo Kikuu cha Sokoine chini ya mlima wetu, zinaotesha vijidudu juu ya mwani. Ujuzi ule nao ulianzia kwenye sufuria ya mwanamke.

Nilirudi Mgeta na kilo moja ya kotonii aliyonifungia mama kama zawadi kwa mwenzake wa mlimani. Mama yangu aliumwaga kwenye ungo akaupekua kimya, kama anavyopekua maharage. Alionja chumvi yake, akatema. Nilimweleza nilivyofundishwa: kuuloweka usiku kucha, kuusuuza mpaka harufu ya bahari iondoke, kuukata, kuuchemsha kwa maji mengi na moto mdogo mpaka uyeyuke, kuuchuja kwa kitambaa. Alikuwa na nanasi kutoka Kinole. Jelatini ya dukani, ambayo hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, haigandi ukiitia nanasi bichi, kwa sababu nanasi huila. Mwani haujali nanasi. Tulisubiri utomvu upoe kidogo, tukatia juisi na tangawizi, tukamimina kwenye bakuli la bati na kuliweka dirishani. Hatuna friji, na Mgeta haihitajiki. Saa mbili usiku ilikuwa imeganda, ya njano, inatikisika ukigonga meza. Mama alikata kipande kwa kisu, akakiangalia kwenye mwanga wa taa akiwa amekishika kwa vidole viwili, kisha akala. Akakata kingine akamwekea jirani.

Katika kuupekua ule mwani alikuwa amekuta kipande cha taitai kilichosahaulika, bado kimeshika tawi kavu. Tawi lilikuwa limesinyaa na fundo sasa lilikuwa kubwa kuliko shingo yake, linazunguka kama pete kwenye kidole cha mgonjwa. Alilichunguza muda mrefu kuliko alivyoichunguza jeli. Akalifungua, akatazama lilivyopita, akajaribu kulipiga upya kwenye shina la karoti lililokuwa karibu. Mara ya kwanza alikosea. Mara ya tatu akalipata.

"Mbona amelegeza?" akaniuliza.

Nikamwambia habari ya mtoto na kanga. Akaguna kwa kukubali, akakiweka kile kipande cha uzi kwenye kikebe chake cha sindano.

Asubuhi nilimkuta ameinama kwenye beseni tulilolowekea, bado limejaa maji ya chumvi. Alilinyanyua, akavuka nalo matuta matatu ya karoti bila kudondosha tone, akaenda kulimwaga njiani, kwenye mfereji unaoshuka mtoni.